Boti ya Unguja kwa watu wawili: piga hesabu kabla ya kupanda

Safari yetu ya kwanza ya Unguja, mimi na mume wangu tulibishana siku tatu kuhusu daraja la kukata tiketi. Tukaangukia daraja la chini, tukaokoa vijisenti, tukajiona wajanja. Tulipotoka tu getini Malindi, bandari ya Unguja, tukaingia teksi ya kwanza iliyotuita, bila hata kuuliza bei. Tulipofika tukatajiwa hela iliyomeza kila tulichookoa na zaidi. Na nyumba ya wageni yenyewe tungeifikia kwa miguu, dakika kumi tu, tungejua.

Tangu siku hiyo nimevuka mara nyingi, na wenzangu kazini huja kuniuliza kila wanapotaka kwenda kupumzika kisiwani na wenzi wao bila kuvunja kibubu. Hapa nimeandika ninayowaambia. Nimeshika njia ya Dar es Salaam kwenda Unguja kwa sababu ndiyo yenye vyombo vingi zaidi. Pemba na Mafia nimezigusa kuelekea mwisho.

Hatua ya kwanza: tenga vya kichwa na vya pamoja

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande wa kushoto andika kila kinacholipwa kwa kichwa: nauli ya boti, daladala, chakula, na kwa mgeni kutoka nje ya nchi, ile bima ya lazima ya kuingia Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Upande wa kulia andika vinavyolipwa mara moja hata mkiwa wawili: chumba, teksi, boti ndogo ya kukodi.

Upande wa kushoto kila shilingi unayoongeza inazaa. Tuseme daraja la juu limezidi la kawaida kwa shilingi 20,000. Kwa macho unaona ishirini. Lakini mko wawili, tena mnakwenda na kurudi: hiyo ni 80,000. Hela hiyo inaweza kuwatoa kwenye chumba cha feni ikawaingiza kwenye chenye kiyoyozi, na ya pweza wa Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, ikabaki. Kwa hiyo bana kushoto, legeza kulia. Watu wengi hufanya kinyume: wanakaa daraja la juu kwa saa mbili, kisha usiku mzima wanapigana na mbu chumba cha uani.

Kama mmoja wenu si Mtanzania, jueni mapema kwamba nauli zenu hazitalingana. Raia na mkaazi hulipa nauli ya chini, mgeni hulipa ya juu, na tofauti si ndogo. Mwenye kibali cha ukaazi asafiri nacho mkononi, maana anayekata tiketi ataomba kukiona. Maelezo ya mdomo hayashushi nauli.

Hatua ya pili: muulize upepo kwanza, bei baadaye

Mimi nimekulia Tanga, mume wangu ni mtu wa Singida. Yeye alidhani bahari ni ile ile mwaka mzima. Nikampeleka mwezi wa saba, akaapa hatarudi.

Kuanzia Mei hivi hadi Septemba unavuma kusi, na kati ya Juni na Agosti ndipo unapokuwa mkali. Mawimbi ya mkondo wa Unguja wakati huo si ya mchezo hata kwa chombo kikubwa. Desemba hadi Machi ni kaskazi: joto kali, ila bahari kwa kawaida ina adabu zaidi. Kati ya pepo hizo mbili kuna tangambili, upepo ukiwa haujaamua upande, na bahari inaweza kulala kama maziwa kwenye sufuria.

Sasa weka bei juu ya pepo. Julai na Agosti watalii wa Ulaya wako likizo, vyumba vya ufukweni vinapanda, na bahari ndiyo hiyo imechafuka: unalipa zaidi ili utapike. Mwisho wa Desemba bahari ni nzuri ila bei za sikukuu hazishikiki. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, Mji Mkongwe hujaa. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, vyumba hushuka bei sana, lakini mvua inaweza kuwafungia ndani siku tatu (kwa maharusi wapya labda si hasara) na baadhi ya hoteli za pwani hufunga kabisa.

Nikiambiwa nichague mwezi mmoja, nitachukua Oktoba. Kusi imechoka, vuli haijakolea, wageni wengi wameshaondoka.

Ramadhani nayo ina watu wake. Mji umetulia, vyumba vinapatikana, futari za jioni ni tamu. Ila mchana migahawa mingi ya mjini imefungwa, na kula barabarani ni utovu wa heshima. Jihadharini na siku mbili tatu kabla ya Idi: kila mwenye kwao Unguja anarudi, na tiketi za daraja la chini huisha mapema.

Habari ya kusi siisemi kwa ajili ya kichefuchefu tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar. Mamia ya watu walikufa. Nahodha au serikali wakizuia safari kwa sababu ya hali ya hewa, msitafute njia nyingine. Tafuteni pa kulala.

Hatua ya tatu: chagua chombo, kisha kiti

Boti za mwendo kasi, zile za Kilimanjaro za Azam na za Zan Fast Ferries, huvuka kwa saa mbili hivi, zaidi kidogo bahari ikiwa mbaya. Zipo pia meli za polepole zinazobeba magari na mizigo, na nauli yake huwa chini. Kabla hamjaikimbilia, ulizeni inafika saa ngapi. Ikiwafikisha jioni, mmelipia chumba cha siku ambayo hamkuona kitu. Kwa safari ya siku mbili au tatu, mimi huchukua boti ya kasi, daraja la kawaida, na naona hapo ndipo unafuu wa kweli ulipo.

Ndege hukaa hewani dakika 20 tu. Jumlisha foleni ya Barabara ya Nyerere, kungoja uwanjani, na teksi ya upande wa pili, muda mliookoa haujai kiganja, na nauli mnailipa mara mbili, kwa kuwa mko vichwa viwili.

Chombo msichopanda hata mkipewa bure ni kile cha bandari bubu: jahazi la mizigo au mashua inayong'oa nanga usiku ufukweni, mahali pasipo na mtu wa kuandika majina. Hakuna orodha ya abiria, hakuna maboya ya kutosha, na likitokea la kutokea hata ndugu zenu hawatajua mlikuwa humo.

Kuhusu daraja kuna jambo ambalo wauza tiketi hawawaambii. Viti vya bei kubwa mara nyingi viko ghorofa ya juu, na juu ndiko chombo kinakoyumba zaidi. Mbele nako hupiga kichwa kila wimbi. Pahali patulivu ni chini, katikati kuelekea nyuma. Kwa hiyo mwenye mwenza anayelevywa na bahari asidhani anamtendea wema kumpandisha daraja la juu. Daraja la kawaida viti havina majina, anayewahi ndiye anayechagua. Fikeni mapema, mwende moja kwa moja nyuma.

Hatua ya nne: kukata tiketi

Kata kwenye mtandao wa kampuni yenyewe au dirishani kwake. Siku mbili kabla zinatosha katika majira ya kawaida. Kuelekea Idi, Krismasi, Pasaka au wiki ya Mapinduzi (tarehe 12 Januari) kata wiki moja au mbili kabla. Nje ya ofisi mtawakuta vijana wenye vitambulisho shingoni wakisema dirisha limefungwa, njooni huku, dada na shemeji, nawafanyia haraka. Dirisha halijafungwa. Hao ni vishoka, na bei yao ina kichwa cha tatu ndani yake.

Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho: cha taifa (NIDA), pasipoti au leseni. Wanawake tulioolewa tuangalie hapa. Mume akikukatia tiketi kwa ubini wake na kitambulisho chako bado kina ubini wa baba yako, mtaanza kueleza historia ya ndoa getini huku foleni inawasukuma.

Na saa. Tiketi huandika saa za kizungu. Shemeji yangu alikatiwa boti ya 07:00, akasoma saa saba. Akala chakula cha mchana kwa raha zake, akafika bandarini na maua mkononi. Mchumba wake alikuwa Unguja tangu saa tatu asubuhi, kwani yeye alikuja peke yake na akasoma sawasawa. Wameoana, ila hadithi hii husimuliwa kila harusi ya ukoo. Kwa hiyo: 07:00 ni saa moja asubuhi, 12:30 ni saa sita na nusu mchana. Andikeni kwa kalamu juu ya tiketi kama ni lazima.

Hatua ya tano: asubuhi ya kuondoka

Usimwambie bodaboda "nipeleke Feri". Kwa mtu wa Dar, Feri ni Magogoni, kwenye soko la samaki na pantoni ya Kigamboni. Sema boti za Zanzibar, karibu na kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kwa mabasi ya mwendokasi mnashuka Posta ya Zamani, mnatembea kidogo tu. Wanaotoka Morogoro au Dodoma kwa treni ya SGR nao wako karibu, bajaji moja inatosha kwa wote wawili na mabegi.

Fikeni saa nzima kabla. Kuna ukaguzi wa tiketi na vitambulisho, kisha mashine ya mizigo. Mabegi yenu shikeni wenyewe. Kama mzigo ni mkubwa, patana na hamali kabla hajaunyanyua. Akishaunyanyua bei ni yake. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, pande zote mbili imepigwa marufuku.

Kifungua kinywa kiwe kidogo na kikavu. Mkate, ndizi, andazi moja. Supu ya utumbo saa kumi na mbili asubuhi kisha kusi la Julai, hilo mume wangu anaweza kuwaeleza vizuri kuliko mimi.

Hatua ya sita: ndani ya boti

Tazameni yalipo maboya na mlango wa dharura. Ni dakika moja tu.

Anayelevywa na bahari anywe dawa yake kabla ya kupanda, kama nusu saa au saa moja, baada ya kumuuliza mfamasia (na kama ana ujauzito aseme). Akishaanza kutapika dawa haina kazi. Macho yatazame nje, mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, si kwenye simu. Kipande cha tangawizi cha kutafuna husaidia, ndimu ya kunusa pia. Wahudumu hupita na mifuko. Mkiona wameanza kuigawa kabla boti haijatoka mlango wa bandari, jueni wameshaisoma bahari.

Hatua ya saba: dakika kumi za Malindi

Hapa ndipo pochi hutoboka. Mnashuka mmechoka, jua linapiga, na nje ya geti papasi wamewasubiri: teksi, hoteli, safari ya viungo, kasa, yote kwa pamoja. Si watu wabaya, wanatafuta riziki, lakini kamisheni yao inaongezwa kwenye bei yenu. Ni bora chumba cha usiku wa kwanza kiwe kimeshawekwa, na muwe mmempigia mwenye nyumba kuuliza mambo mawili. Kwanza, kutoka Malindi ni mwendo gani kwa miguu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe teksi haifiki mlangoni, vichochoro ni vyembamba. Pili, kama wanahitaji cheti cha ndoa. Baadhi ya nyumba za wageni za Unguja huuliza, hasa kwa wenyeji, na ni afadhali kulijua hilo ukiwa Dar kuliko mapokezi saa mbili usiku.

Papasi akikufuata, msalimie, mwambie "asante, tumepokewa", endelea kutembea. Ukisimama kueleza, umenunua.

Kwenda pwani, gari za shamba, yaani daladala za vijijini, ni za bei ya chini mno ukilinganisha na teksi. Ya Nungwi ni namba 116, ya Jambiani ni 309. Zinajaa, zinasimama kila mti, na begi lako linaweza kusafiri na gunia la mihogo juu ya paa. Kwa mtu mmoja ningesema daladala bila kufikiri. Kwa wawili wenye mizigo, gawa bei ya teksi kwa mbili kwanza, na kama kuna wawili wengine mliokaa nao kwenye boti, gawa kwa nne. Mara nyingine teksi hushinda.

Pwani ipi? Hapa tena ni bahari. Paje na Jambiani maji yakipwa hukimbia mbali, mkabaki mnatazama mashamba ya mwani na akina mama wakivuna. Panapendeza, vyumba vya bei nafuu vipo, lakini kuogelea ni kwa ratiba. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali, mtaogelea karibu wakati wote, na bei inalijua hilo.

Hatua ya nane: boti ndogo

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, maana hapa kuwa wawili kunaweza kuwa faida au hasara kwa sentensi moja tu. Kwenda Changuu kutazama wale kobe wakubwa waliotoka Aldabra, Shelisheli, au fungu la mchanga la Nakupenda (jina lenyewe linawaita), boti hutoka ufukweni pale Forodhani. Nahodha akitaja bei, uliza: "Ya chombo au ya kichwa?" Akisema ya kichwa, mwambie mnakodi chombo. Kisha simameni pembeni mnunue juisi ya miwa, mngoje wawili au wanne wengine waje kuuliza swali lile lile. Mkijaza chombo, bei inagawanyika. Mara ya mwisho tulipanda na wanafunzi wanne wa Morogoro waliokuja na spika, tukacheza taarabu hadi Changuu. Ulizeni pia kama kiingilio cha kisiwa kimo ndani ya bei. Mara nyingi hakimo.

Nakupenda huonekana maji yakipwa tu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kupwa kukubwa huangukia asubuhi kuelekea adhuhuri, na fungu linakuwa pana. Siku za maji mafu mnaweza kupata kipande cha mchanga mkigombania na watu hamsini. Mwangalie mwezi usiku wa kuamkia safari.

Na maboya yahesabuni kabla hamjaingia. Sita kwa watu sita. Nahodha akisema "bahari leo shwari, hamna haja", shukeni.

Kama Unguja si lazima

Mafia inafikiwa kutoka Nyamisati, Kibiti. Basi mnalipata Mbagala Rangi Tatu, na MV Kilindoni huvusha hadi Kilindoni. Nauli zote mbili ni za watu wa kawaida. Kuanzia Oktoba hadi Februari hivi kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote na mpole, mnaogelea naye. Bei ya boti ya kwenda kumtafuta ndiyo itakayowapa jasho, kwa hiyo fanyeni kama Forodhani: jazeni chombo. Mkiingia eneo la hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa 1995, kuna ada kwa kichwa, na ya mwananchi ni tofauti na ya mgeni.

Pemba ni kwa wasiotaka makelele kabisa. Mnashukia Mkoani. Vyombo havivuki mara nyingi kwa siku kama njia ya Unguja, kwa hiyo pangeni siku za likizo kwa kufuata ratiba ya meli.

Kurudi

Tiketi ya kurudi kateni pamoja na ya kwenda, hasa kama mnarudi Jumapili. Wakati wa kusi chukueni boti ya asubuhi: upepo huongezeka mchana, na kutoka Unguja kwenda Dar mnaelekea kusini, mawimbi mnayapokea usoni. Wengi huvuka kwenda wakiwa wazima, wakidhani wameshazoea, kisha wanaumbuka wakati wa kurudi.

Safari yetu ya mwisho, Oktoba, mume wangu alikaa chini, nyuma, mstari wa pili kutoka mlangoni, ndimu mkononi. Tulipopita kisiwa cha Mbudya, tukirudi Dar, nikamtikisa nimwonyeshe mji. Alikuwa amelala fofofo, na ndimu ilikuwa imeviringika hadi viti vya mbele, mtoto mmoja anaichezea.